Gari jipya linalokula betri, na karatasi inayosema "hitilafu haikuonekana"

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Magari mengi ninayoletewa yamekwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu au wanne, na mwenye gari akifika anaanza kueleza akiwa amechoka tayari. Uchovu ule nilidhani naufahamu. Sikuufahamu mpaka gari bovu lilipokuwa langu mwenyewe: gari la kifahari, jipya, lililo ndani ya waranti, ambalo ukiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki.

Kampuni siitaji. Nataka kueleza hitilafu ya aina hii hujifichaje, kwa nini wakala, yaani karakana iliyoidhinishwa na kampuni, hurudisha gari na karatasi yenye maneno "hitilafu haikuonekana", na kwa nini karatasi hiyohiyo, ambayo mwanzoni niliiona kama mlango uliofungwa usoni pangu, ndiyo iliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na usingizi wa gari. Gari la kifahari la siku hizi linaweza kuwa na kompyuta ndogondogo zaidi ya 70: ya injini, ya kila mlango, ya viti, ya taa, ya redio, ya kamera. Zinazungumza kupitia jozi za waya, kwa utaratibu uitwao CAN, ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986 na ambao ulipunguza sana mzigo wa nyaya ndani ya gari. Ukizima injini na kufunga milango, kompyuta hizi hazizimiki palepale. Zinaagana kwanza. Moja inanyamaza, nyingine inafuata, na baada ya dakika kadhaa, kwenye baadhi ya magari nusu saa au zaidi, gari zima limelala. Likilala vizuri linavuta umeme kidogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50, na betri nzima huweza kukaa wiki kadhaa ikiwa bado inawasha injini.

Sasa kompyuta moja ikikataa kulala, wenzake hawalali. Inatosha swichi moja ndogo itume ishara ya uongo kwamba kuna mtu anafungua mlango, na mtandao mzima unaamka kumpokea mtu asiyekuwepo. Gari langu lilikuwa likivuta wastani wa ampea 1.2 usiku kucha. Fanya hesabu: ampea 1.2 kwa saa 24 ni ampea-saa 28.8. Betri yangu ikijaa inabeba ampea-saa 90. Siku mbili zikipita umebaki na theluthi na kitu, na injini kubwa inaanza kusita. Siku ya tatu hakuna kitu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Yangu asubuhi moja ilisoma 10.9, na rimoti haikufungua hata mlango.

Mara ya kwanza wakala alibadilisha betri. Ni jambo la kawaida, na simlaumu kwa hilo peke yake. Mara ya pili walisasisha programu za kompyuta mbili. Mara ya tatu walikaa na gari siku 11, kisha mhudumu wa mapokezi akanikabidhi funguo na kadi ya kazi yenye mstari mmoja: hitilafu haikuonekana, gari linafanya kazi kulingana na viwango vya mtengenezaji.

Naijua karatasi ile inavyouma. Najua pia, kwa kuwa ni kazi yangu, kwamba fundi aliyeiandika huenda hakudanganya. Kwenye magari mengi ya daraja hili betri iko nyuma, chini ya sakafu ya buti. Ili uipime unafungua buti. Ukifungua buti umeliamsha gari. Unafunga mita ya kubana kwenye waya wa betri, unasubiri, gari linalala, mita inasoma miliampea 30, unaandika kwamba hakuna tatizo. Ukianza kuchomoa fyuzi moja moja kama tulivyofundishwa zamani, mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu kila fyuzi unayorudisha inawasha upya kompyuta yake, na ile iliyokuwa imekwama inajirekebisha mbele ya macho yako.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawaambiwi. Kazi ya waranti haimlipi wakala kwa saa alizotumia. Inalipwa na mtengenezaji kwa muda uliopangwa, na muda wa kutafuta kosa linalokuja na kuondoka ni mdogo au haupo kabisa. Fundi anayekesha na gari lako anakesha kwa hasara ya mwajiri wake. Kwa hiyo unapogombana na kijana wa mapokezi unagombana na mtu asiye na uamuzi. Mwenye uamuzi yuko kiwandani, na yeye hakuoni wewe wala gari lako. Anachoona ni kadi za kazi.

Niliamua kulipima gari langu kwa utaratibu ambao mtu wa kiwandani hawezi kuukataa. Kwanza nilisukuma kufuli la buti kwa bisibisi mpaka likajifunga, ili gari liamini kwamba buti imefungwa ilhali iko wazi. Nikafunga mita yenye kumbukumbu kwenye waya wa betri, nikafunga milango, nikaweka rimoti mbali. Kisha sikugusa kitu. Gari lililala baada ya dakika 24, mita ikashuka hadi miliampea 28. Saa nane na dakika kumi usiku, bila mtu kulisogelea, likapanda hadi zaidi ya ampea 6, likakaa hivyo kwa dakika chache, likashuka. Likarudia. Kulipokaribia kucha lilikuwa haliwezi kulala dakika kumi mfululizo.

Ili kujua ni njia ipi inayonyonya bila kuchomoa fyuzi, unagusisha ncha za mita kwenye vile vitundu viwili vidogo vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi na kusoma milivolti. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inaonyesha kiasi fulani kidogo, na kwa kujua ukubwa wa fyuzi unapata ampea zake. Nilipata fyuzi moja iliyokuwa ikiamka kabla ya nyingine zote: ya kompyuta ya kufungua gari bila ufunguo. Imefungwa pembeni mwa buti, upande wa kushoto, nyuma ya zulia.

Nilipoinua sakafu ya buti, mahali pa tairi la akiba palikuwa na unyevu. Maji hayakusimama, ila sponji ya chini ilikuwa nzito mkononi, yenye harufu ya nguo iliyoachwa ndani ya ndoo. Niliangaza tochi kwenye soketi ya ile kompyuta bila kuichomoa. Pini mbili zilikuwa na ule unga wa kijani ambao shaba hutoa ikilowa. Hapo nilielewa kwa nini hitilafu ilikuwa ya usiku na kwa nini haikutokea ndani ya karakana kavu: umande ukishuka, unyevu unaunganisha pini mbili, na kompyuta inaamini kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe cha buti.

Maji yanatoka wapi? Gari langu lina paa la kioo. Watu hudhani paa hilo limezibwa lisipitishe tone. Sivyo. Limetengenezwa kupokea maji kidogo kwenye mfereji unaozunguka kioo, na pembeni kuna mipira minne ya maji, mabomba laini membamba, inayoyashusha ndani ya nguzo za gari hadi nje, karibu na magurudumu. Mpira mmoja ukiziba au ukichomoka, maji yanaingia ndani bila wewe kuona tone darini.

Niliandika barua kwa mtengenezaji, nikaambatanisha picha na chati ya mita. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: maji yaliyoingia ni athari ya mazingira, huenda mipira imezibwa na majani, na usafishaji wake ni jukumu la mwenye gari. Waranti haihusiki.

Jibu hilo utalikuta kwa sura nyingi. Rangi ikibanduka ni mawe ya barabarani. Springi za hewa zikivuja na gari likainamia upande mmoja asubuhi, ni matumizi kwenye barabara mbaya. Gia zikigonga ni uendeshaji. Usijibu kwa hasira, na usijibu kwa maneno matupu. Jibu kwa jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia.

Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikatia rangi ya bluu ya chakula. Nikawasha kamera ya simu, nikaonyesha kwanza namba ya chasisi chini ya kioo cha mbele, tarakimu na herufi zote 17, halafu kilomita kwenye dashibodi, halafu, bila kukata picha, nikafungua paa na kumimina polepole kwenye kona ya nyuma upande wa kulia. Sekunde chache maji ya bluu yakatoka chini ya gari. Nikahamia kushoto, nikamimina kiasi kilekile. Chini hapakutoka kitu. Niliposogeza simu ndani ya buti sauti ya matone ilisikika vizuri kabisa, na nilipoikunja pembe ya zulia, sponji nyeupe ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Nguzo sikuifungua. Nasisitiza hili kwa mafundi wenzangu hasa, kwa sababu mikono inatuwasha: usifungue kitu ambacho mtengenezaji anaweza kusema wewe ndiye uliyekichomoa. Niliomba kwa maandishi mhandisi wao aje, na plastiki ya nguzo ifunguliwe mbele yangu.

Wakati nikisubiri nilisoma sheria, na nashauri kila mwenye gari bovu asome za nchi yake kabla ya kupiga simu ya pili. Zinatofautiana sana. Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, una siku 30 za kulikataa gari bovu moja kwa moja. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kulitengeneza, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Zingatia kwamba hapo unamdai aliyekuuzia, na si kiwanda. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo ya mwaka 2019, muda huo wa kasoro kuchukuliwa kwamba ilikuwepo ni mwaka 1 ndani ya dhamana ya miaka 2. Afrika Kusini, sheria yao ya walaji ya mwaka 2008 inasema kasoro iliyotengenezwa ikirudi ndani ya miezi 3, muuzaji abadilishe bidhaa au arudishe fedha. Marekani, gari la namna hii huitwa limau, na California inahesabu: ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, gari likitengenezwa mara 4 au zaidi kwa kasoro ileile, mara 2 kama kasoro inaweza kuua au kujeruhi vibaya, au likikaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, sheria inachukulia kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha.

Angalia vinavyohesabiwa: mara ngapi, siku ngapi, tangu lini. Ushahidi wa vyote hivyo ni kadi za kazi. Ile iliyoniuma, ya "hitilafu haikuonekana", ilikuwa na tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kilomita, na malalamiko yangu. Kwa sheria inayohesabu hivyo ni safari moja nzima ya kurudisha gari na siku 11 za kulikosa. Ndiyo maana usikubali kamwe gari liingie gereji bila kadi, hata kama unaambiwa "tunaliangalia tu". Hakikisha malalamiko yameandikwa kwa maneno yaleyale kila safari, kwa kuwa ukisema "betri inakwisha" leo na "haliwaki" kesho, kiwanda kitahesabu kasoro mbili tofauti. Pia omba nakala ya misimbo ya hitilafu, yaani kumbukumbu za makosa ambazo kompyuta za gari hujiandikia, kabla hawajaifuta. Misimbo mingi huhifadhiwa na kilomita au saa ilipotokea, na ikifutwa hairudi.

Mhandisi alikuja. Mtu makini, hakuzungumza sana. Alifungua plastiki ya nguzo ya kushoto, akaangaza, akaniita nione. Mpira wa maji ulikuwa umelala kando ya kikonyo chake, yaani kile kimrija ambacho mdomo wake huvalishwa, sentimita mbili tu pembeni. Ndani ya mpira hapakuwa na jani wala mchanga. Aliushika akaugeuza, na wote wawili tukaona kitu kimoja: mpira uliowahi kuvalishwa kwenye kikonyo hubaki na alama ya duara mdomoni. Huu haukuwa na alama yoyote. Tangu kiwandani haukuwahi kuvalishwa. Nilimwomba aruhusu nipige picha, akaruhusu, na namshukuru kwa hilo.

Walibadilisha kompyuta, soketi, kipande cha nyaya, sponji na zulia. Gari sasa linalala baada ya dakika 24 na halishtuki. Lakini barua iliyokuja na kazi hiyo ilisema matengenezo yamefanywa "kwa nia njema", bila kukiri wajibu, na ilitaka nitie saini. Maneno hayo yana uzito. Kazi iliyofanywa kwa nia njema inaweza isihesabiwe kama ya waranti, na unga wa kijani ukitokea tena mwakani ndani ya waya ambao hawakuubadilisha, nitaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikutia saini. Niliomba mambo mawili: kazi iandikwe kuwa ya waranti, na chanzo kiandikwe kama mhandisi alivyokiona.

La kwanza walikubali baada ya wiki sita. La pili wameandika "mpira wa maji umeunganishwa upya". Neno "upya" nimelikataa kwa barua, nikaambatanisha picha ya mdomo wa mpira usio na alama, na sasa nasubiri jibu lao.