Ukali wa maambukizi: kwa nini moshi humwelemea zaidi mgonjwa wa kiharusi

Masika yaliyopita, kijana wa chumba cha mbele katika nyumba yetu ya Magomeni alipata mafua. Alipiga chafya siku tatu, akarudi Kariakoo kwenye shughuli zake. Yakampata na shangazi yangu, aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Siku ya nne alikuwa anapumua kwa kasi na midomo imebadilika rangi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa ukali wa maambukizi. Haiulizi kama umeambukizwa, inauliza ugonjwa umekufikisha wapi: umepita na chafya, umekulaza, au umekutia kwenye oksijeni. Wengi huuchanganya na kasi ya kuenea, lakini mafua yanaweza kuzunguka mtaa mzima na wengi wakapona kwa chai ya tangawizi. Isitoshe, ukali hautokani na kirusi peke yake. Mwili ulioambukizwa una sehemu yake, na hewa ambayo mwili huo umekuwa ukiivuta ina sehemu yake pia.

Kwa hewa, wataalamu hupima zaidi chembe ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu. Unywele mmoja ni mnene kuliko hizo zaidi ya mara ishirini. Hutoka kwenye mkaa, kwenye dizeli ya malori ya Barabara ya Mandela, kwenye taka zinazochomwa jioni nyuma ya nyumba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Njia zetu za hewa zina ute unaonasa uchafu na vinyweleo vidogo vinavyousukuma juu utoke. Chembe hizi huvidhoofisha vinyweleo hivyo, huzichosha seli za kinga zilizo ndani ya mapafu, na kuufanya utando uvimbe. Kirusi kikiingia hapo, mapafu yameshaanza kuchoka. Wakati wa UVIKO-19, tafiti za nchi mbalimbali zilikuta kwamba walioishi kwenye hewa chafu walielekea kuugua vibaya zaidi. Ni uhusiano tu, si ushahidi kamili wa chanzo, ila unakwenda sambamba na yale yanayojulikana kuhusu mapafu.

Sasa njoo kwa mgonjwa wa ubongo au neva. Ulinzi wake wa mwisho ni kikohozi, na kikohozi ni kazi ya neva: koo lihisi, ubongo uamuru, misuli ya kifua na tumbo ibane kwa pamoja. Kiharusi au Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, huweza kuilegeza kazi hiyo. Shangazi akinywa uji hupaliwa, na mara nyingine unapita njia ya hewa bila yeye kushtuka. Makohozi ambayo kijana anayatema asubuhi, kwake yanabaki kifuani, na nimonia huanzia hapo. Mwenye kifafa ana hatari nyingine, kwa kuwa homa inaweza kumwamshia degedege. Aliyepoteza kumbukumbu huenda asiweze kusema kifua kinambana. Utamwona tu amechanganyikiwa kuliko jana.

Mvua ikinyesha, majiko ya mkaa yanatolewa uani na kuingizwa kwenye korido. Mlango wa shangazi unafunguka hapohapo. Nimeona jiko likipepewa kwa kifuniko cha ndoo huku limewashwa kwa vipande vya plastiki, na moshi ukipita chini ya mlango wake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mgonjwa wa leo hawezi kuusubiri mwaka huo. Jiko lihamie chini ya bati la uani, na yeye alishwe akiwa ameketi wima.

Siku ile ya nne shangazi hakukohoa sana. Alilala tu, na kifua kikipanda na kushuka haraka. Sisi tuliokuwa naye tukaambiana anapata nafuu, tukachelewa kumpeleka hospitali hadi jioni. Kumbe hakuwa na nguvu za kukohoa.