Nyumba ya watu wawili na friza: pika mara moja, gawa kidogo kidogo, poza haraka

Habari zenu ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Mimi ni afisa lishe huku kusini, na swali naloulizwa sana siku hizi, kliniki na hata nikiwa sokoni na kikapu changu, ni hili la kupika chakula kingi ukakigandisha ule taratibu, hasa kwa wale wanaoishi wawili tu. Mwalimu na nesi waliopangiwa kazi huku, wazee ambao watoto wameshaondoka, vijana waliooana juzi. Wengi friji wanalo, ila ukifungua unakuta maji ya kunywa, barafu za kuuza na kipande cha samaki cha tangu miezi hiyo ambacho hakuna anayejua alikuwa changu au tasi.

Kwa kweli tatizo la nyumba ya watu wawili sio friza, ni sufuria. Wengi tumelelewa nyumba za watu nane, kumi, mkono umeshazoea, kilo ya maharage inaingia kwenye maji bila hata kufikiria, jioni mnakula, asubuhi kiporo, mchana kiporo, keshokutwa kimechacha kinamwagwa. Sasa mimi sisemi mpike kidogo. Robo kilo ya mbaazi kavu inachukua muda uleule wa kuiva kama kilo nzima, iwe mkaa iwe gesi, kwa hiyo kupika robo kila siku mbili ni kuchoma hela. Pika hiyo kilo. Ila ikishaiva gawa siku hiyohiyo, kila kifuko kiwe mlo mmoja wa watu wawili, basi, hakuna kifuko cha "tutakula mara mbili". Ukiweka kikubwa utalazimika kuyeyusha chote, mtakula nusu, na ile nusu nyingine itaanza kuzunguka friji mpaka iharibike, yaani umerudi palepale. Na mgeni akija je? Mgeni akija unatoa vifuko viwili, hodi yake haijaharibu hesabu.

Kipi kinafaa kugandishwa. Maoni yangu ni kwamba usigandishe sana vyakula vilivyokamilika, gandisha zile kazi ndefu. Maharage, mbaazi, kunde, njugumawe, makande, kisamvu kilichotwangwa kikachemshwa vizuri kikaiva, nyama iliyochemshwa na supu yake, rojo la vitunguu na nyanya. Siku ya kula unachanganya tu, mbaazi zinapata tui, nyama inapata rojo, dakika 15 mko mezani. Tui ni bora liingie siku ya kula kwa sababu likigandishwa ndani ya chakula huwa linakatika, mafuta yanajitenga, chakula kinakuwa salama lakini kina chengachenga na mzee wa nyumba ataanza kuuliza hii mboga imefanyaje. Nazi yenyewe ukiikuna ukaifungasha kavu bila kukamua inaganda vizuri sana, unatoa, unatia maji ya moto, unakamua.

Rojo nalo nalisifia sana maana nyanya huku bei inapanda na kushuka vibaya, zikishuka nunua ndoo ndogo, kaanga na vitunguu na hoho mpaka maji yakauke, usitie chumvi nyingi, gawa kwenye vikopo vidogo. Kikopo kimoja kinapika mchuzi wa watu wawili.

Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, inaharibika yakichemka sawasawa, kwa hiyo loweka usiku, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto yaendelee mpaka yalainike kabisa. Nawaambia hivi kwa sababu kuna watu wanagandisha maharage nusu mabichi wakitegemea yatamalizikia siku ya kupasha, halafu wanapasha kidogo tu wanakula, tumbo linavuruga usiku kucha. Yaive kwanza.

Viazi mviringo kwenye mchuzi vinakuwa kama sifongo, viache. Yai la kuchemsha, ule ute mweupe unakuwa mpira. Kachumbari ndo kabisa. Ugali usisumbuke nao, na ming'oko ikaliwe ya moto siku ileile ilivyo tamu. Chapati zinaganda vizuri, weka karatasi katikati zisishikane, na sambusa mbichi kwa wale wanaojiandaa na Ramadhani, unazitoa zimeganda unatia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani.

Wali sasa. Watu wanauamini mno wali. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zipo kwenye mchele na hazifi wali ukiiva, wali ukiachwa jikoni na joto letu hili zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata uupashe utoe moshi haiondoki. Kwa hiyo ukitaka kugandisha wali au pilau upakue ukiwa wa moto, tandaza kwenye sinia upoe, na uingie kwenye friza ndani ya saa moja. Binafsi wali mweupe wa watu wawili sioni sababu ya kuugandisha, ni dakika 20 umeiva. Pilau sawa, maana ina kazi.

Hapo kwenye kupoza ndipo wengi wanaharibu, naomba msinichoke nikae hapa kidogo. Vijidudu vinapenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60, hapo ndipo vinazaliana haraka. Sehemu za baridi wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, lakini joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu, na jiko la bati la hapa Mtwara mwezi wa Desemba mchana na jiko linawaka, we mwenyewe piga hesabu. Sufuria kubwa la mbaazi ukiliacha juu ya meza lipoe lenyewe litachukua masaa, juu limepoa katikati bado vuguvugu mpaka usiku. Na ukilisukuma la moto kwenye friza linapasha joto vitu vingine vyote humo, samaki wako aliyeganda anaanza kulainika.

Njia ni hii, chukua beseni, weka maji ya baridi na barafu, kalisha sufuria humo ukiwa unakoroga, maji yakipata joto badilisha. Au mimina chakula kwenye trei au sinia, kina kisizidi vidole viwili hivi. Kikipoa tia kwenye vifuko vya zipu, kamua hewa yote itoke, laza kifuko kiwe bapa. Bapa inaganda haraka, na kuganda haraka kuna maana yake, kikiganda polepole barafu inajenga chembe kubwa zinazochana nyama na mboga, ndo maana ukiyeyusha nyama inatiririka maji na inakuwa kavu mdomoni. Usipange vifuko vyote juu ya vingine siku ya kwanza, viachanishe, kesho yake vikishakuwa vigumu ndipo usimamishe kama madaftari.

Kama unatumia makopo acha nafasi ya vidole viwili juu, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, chupa ya kioo iliyojaa itapasuka. Makopo ya aiskrimu yanafaa ila usimimine chakula cha moto ndani. Ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka nyumba hapana, hata uzioshe na nini, hapana. Halafu andika. Tepu ya karatasi na kalamu, jina na tarehe, maana kisamvu na matembele vikiganda vinafanana, na ndoa changa haihitaji ugomvi wa aina hiyo.

Kuna mzee mmoja mstaafu alinifuata baada ya semina akaniuliza, "Mwanangu, friji langu lina alama ya nyota mbili kwenye kile kichumba cha juu, ina maana ni bovu?" Shikamoo mzee wangu, halijawa bovu, na swali lako limewasaidia wengi. Zile nyota ndo zinakuambia baridi inafika wapi. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, hapo chakula kilichoganda kinakaa kama wiki moja. Mbili ni 12 chini ya sifuri, kama mwezi. Tatu ni 18 chini ya sifuri, hapo unaweza kufika miezi mitatu. Nne ni baridi hiyohiyo ya 18 lakini ina nguvu ya kugandisha chakula kipya, ndiyo friza yenyewe hasa. Kwa hiyo mwenye friji dogo la mlango mmoja lenye kichumba cha barafu asijipange kwa miezi, apike Jumapili ale wiki hiyo, inatosha na ni faida tayari. Mwenye friza ya kweli mchuzi na nyama iliyopikwa ale ndani ya miezi miwili mitatu, sio kwamba baada ya hapo kinakuwa sumu, kinapoteza ladha tu.

Ila baridi haiui vijidudu, inavilaza. Chakula kilichoingia kimeharibika kitatoka kimeharibika. Hili liwe kichwani ukienda soko la samaki la Feri, hasa kwa vibua na jodari. Hao wakikaa juani bila barafu vijidudu vinatengeneza ndani yao sumu inayoitwa histamini, ukila uso unakuwa mwekundu, unawasha, kichwa kinagonga, na hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Kwa hiyo samaki nunua asubuhi, nenda na chombo chenye barafu, osha, toa matumbo, kata vipande vya mlo mmoja, gandisha saa hiyohiyo. Wenye mafuta mengi kama nguru na vibua wamalize ndani ya miezi miwili mitatu. Pweza ndo raha yake, ukimgandisha mbichi siku moja mbili nyuzi zake zinalegea, ukimchemsha analainika bila kupigwa sana.

Kuyeyusha, toa kifuko usiku ukiweke chini kwenye friji, kesho jioni kiko tayari. Umesahau? Mchuzi na mbaazi zitie kwenye sufuria zikiwa barafu, kijiko cha maji, moto mdogo, koroga mpaka katikati kuchemke kabisa na mvuke utoke, sio pembeni tu. Samaki mbichi mwache ndani ya kifuko chake kilichofungwa, mtumbukize kwenye maji ya baridi. Kuyeyushia juu ya meza tangu asubuhi unaenda kazini hapana. Na kilichopashwa kikabaki, kiliwe kiishe, kisirudi kuganda.

Umeme. Ukikatika usifungue mlango kuangalia, kila ukifungua unatoa baridi. Friza iliyojaa inavumilia kama masaa 48, iliyojaa nusu kama 24, ndo maana kama chakula ni kichache jazia chupa za plastiki za maji zisizojaa mpaka juu, zigande. Kile kichumba cha friji dogo kisitegemewe hivyo, ni masaa machache tu. Kwa wanaokwenda mashambani msimu wa korosho wakaacha nyumba wiki nzima, kabla hujaondoka gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya mia juu ya barafu. Ukirudi ukikuta sarafu iko juu, sawa. Ukiikuta imezama chini maana yake umeme ulikata muda mrefu, vyote viliyeyuka vikaganda tena, hata kama sasa hivi ni vigumu kama jiwe. Umeme ukirudi ukiwepo nyumbani, kifuko ambacho bado kina chembe za barafu ndani kirudishe tu, na kilichokuwa maji ya vuguvugu usikionje kwa ulimi ujue kama kimechacha, mwaga.