Na⁺ haijaongezewa chochote

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili hapa Dodoma nikakutana tena na sentensi ileile: "Na⁺ imepata elektroni moja." Kila muhula naikuta. Leo naijibu kwa kirefu.

Elektroni ni hasi, protoni ni chanya. Atomi ya sodiamu (Na) ina protoni 11 na elektroni 11, zinafutana. Ikipoteza elektroni moja, chanya inazidi kwa moja: hiyo ndiyo ioni Na⁺, yaani atomi iliyobaki na chaji. Basi. Tatizo ni kwamba mtoto anaisoma ile + kama alivyofundishwa darasa la kwanza: jumlisha, ongeza. Pale juu ya herufi haielezi tendo, inaonyesha salio. Una shilingi elfu 11 mfukoni na deni la elfu 11 kwa Mangi mwenye duka. Mangi akikusamehe elfu moja hujapokea hata senti, lakini sasa elfu moja ni yako. Klorini inaongeza deni: protoni 17, elektroni 18, Cl⁻.

Herufi zikaririni tu. Na ya sodiamu inatokana na natrium, K ya potasiamu na kalium. Ila angalieni ukubwa wa herufi: Co ni kobalti, CO ni ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala madirisha yamefungwa.

Kuna jambo linanisumbua. Tunawaambia wanafunzi sodiamu "inapenda" kutoa elektroni, nami nimelisema mara nyingi. Si kweli. Kuing'oa kunagharimu nishati ya kilojuli 496 kwa moli (kipimo cha wingi wa atomi), na klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Pengo hilo linazibwa na ioni zenyewe zinapovutana na kujipanga kuwa fuwele ya chumvi. Bado sijaamua kama mtoto wa kidato cha pili aambiwe hivyo mapema.

Sasa chungulia ndani ya birika lako. Ule utando mgumu mweupe unaoachwa na maji yetu ya visima ni CaCO₃, yaani kalsiamu kabonati. Wanafunzi huniambia chaji "zimeisha" kwa sababu hawazioni zimeandikwa. Hazijaisha! Ca²⁺ imekaa na CO₃²⁻, salio la jumla ni sifuri, kwa hiyo hatuandiki kitu. Mwagia siki: kabonati inachukuliwa na asidi, povu linatoka, utando unalainika. Kalsiamu inarudi majini na 2+ yake ileile iliyokuja nayo kutoka kisimani.