Volti sawa si mzigo sawa

Jana nahodha mmoja kanifuata gatini Mokowe, Lamu, mita mkononi. "Fundi, dainamo zote mbili zatoa volti 27. Mbona hii yachemka na ile baridi?" Swali hili naulizwa kila msimu, na kila msimu kuna armecha (koili inayozunguka ndani ya dainamo na kuzalisha umeme) inayoungua kwa ajili yake.

Nahodha wangu, dainamo mbili zikishafungwa kwenye baa moja ya shaba, lazima zisome sawa. Unapima kitu kimoja mara mbili! Mabomba mawili yakijaza birika moja la msikiti, kina cha maji hakikwambii bomba lipi linatoa zaidi. Weka amita, mita ya ampea. Tuliweka: ampea 50 kwenye ile ya moto, 20 kwa mwenzake.

Kinachogawa mzigo ni volti inayozaliwa ndani ya armecha, kabla haijapotea njiani. Punguza humo volti ya baa, gawa kwa ukinzani wa armecha na waya wake, upate ampea. Ukinzani ukiwa omu 0.02, anayezalisha 28 hutoa ampea 50, anayezalisha 27.4 hutoa 20. Volti 0.6 tu, tofauti ampea 30! Na akishuka chini ya 27, hatoi tena: anakula umeme wa mwenzake na kuzunguka kama mota. Katauti, swichi inayojikata umeme ukirudi nyuma, imewekwa kwa ajili hiyo, msiifunge kwa waya.

Zikiwa za kompaundi, yaani sumaku ina pia koili ya mfululizo inayopitisha mzigo wenyewe, unganisheni kwa waya mnene pale armecha inapokutana na koili ya mfululizo, dainamo kwa dainamo. Bila waya huo, anayezidi sumaku yake hukazwa na mzigo wake mwenyewe, akazidi tena.

Basi nikapunguza fildi (umeme wa koili za sumaku) ya ile ya moto, nikaongeza ya baridi, kidogo kidogo kwa pamoja, jicho kwenye baa isitoke 27. Zikatua 35 kwa 35.

Vitabu huishia hapo. Mimi siuamini urari huo. Shaba ikipanda joto nyuzi 50, ukinzani wake huongezeka kama asilimia 20. Fildi hulegea, armecha hubana, mashine ya moto huachia mzigo. Kaboni, brashi zinazogusa armecha, nazo zina mambo yao, kila zinapolika. Kwa hiyo nilipanda naye boti. Saa moja baadaye, tukikaribia Manda, amita zilisoma 37 na 33: ile iliyokuwa ikichemka imepoa, imeanza kubeba zaidi tena. Nikashika riostati, kirekebishi cha fildi, upya.