Dhima ya mwenye nyumba: mambo ambayo bima haiyalipi

Dhima ni wajibu wa kisheria wa kumlipa mtu aliyeumia, au aliyeharibikiwa mali, kwa uzembe wako. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha, mtu huyo anaweza kuwa mpangaji, mgeni wa mpangaji, jirani, au mpita njia aliyeangukiwa na ukuta. Bima ya dhima humlipia mwenye nyumba fidia hiyo, na mara nyingi gharama za wakili pia, hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Mambo yasiyokingwa ni vipengele vinavyoyatoa matukio fulani nje ya ahadi hiyo.

Kabla ya kuvisoma, hakikisha dhima imo kwenye bima yako. Aliyejenga kwa mkopo wa benki mara nyingi ana bima ya moto tu, ile benki iliyoitaka. Hiyo hulinda jengo. Mtu akiumia uani haimhusu, hata kama ada imelipwa yote.

Chukua nyumba ya vyumba sita pale Kaloleni, Arusha. Uani kuna shimo la maji taka, mfuniko wake wa zege umepasuka. Masika yamelegeza udongo pembeni. Mgeni wa mpangaji anakanyaga, mfuniko unakatika, anavunjika mguu. Huyo ni mtu wa tatu, yaani si wewe wala kampuni ya bima, na bima ya dhima ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Sasa aliyevunjika awe mlinzi uliyemwajiri. Kampuni itakataa, na mkataba utakuwa upande wake: mfanyakazi anayeumia kazini ana njia yake, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008. Kama hukujisajili kama mwajiri, tatizo limebaki kwako. Awe mwanao mnayeishi naye, bado hulipwi, maana watu wa kaya ya mwenye bima hutolewa. Na kama hakuna aliyeanguka, ila maji taka yamevuja kidogo kidogo kwa miezi hadi kisima cha jirani kikaharibika, utakutana na kipengele cha uchafuzi. Kampuni nyingi hulipa uchafuzi wa ghafla tu, ule unaoweza kutajiwa siku yake. Shimo ni moja, majibu ni manne.

Kipengele kinachowanasa wengi bila kujua ni dhima ya kujitwika kwa mkataba. Mpangaji anaomba muandike: “Mwenye nyumba atalipa mali yoyote itakayopotea ndani ya nyumba.” Unakubali ili chumba kisikae wazi. Mwizi akivunja dirisha na kubeba televisheni, bila uzembe wowote wa kwako, sheria peke yake pengine isingekudai kitu. Kinachokudai ni sentensi yako mwenyewe, na bima haiilipi. Rasimu ya mkataba wa pango ipitishe kwa wakala wa bima kabla ya kusaini.

Matumizi nayo ni hivyo hivyo. Nyumba iliyokatiwa bima kama makazi ya familia, halafu chumba cha mbele kikawa karakana ya kuchomelea, imebeba hatari ambayo kampuni haikuipigia hesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba ya Njiro au Shanty Town ya Moshi inayoanza kulaza watalii usiku mmoja mmoja. Ukarabati mkubwa, kama kuongeza ghorofa, kwa kawaida huhitaji bima ya ujenzi. Ajali ya gari uani huenda kwenye bima ya gari. Faini na madhara ya makusudi kwa kawaida hayakingwi na bima.

Ukisoma, lisake neno “isipokuwa”. Kipengele kinachokataa madhara ya maji kinaweza kumalizia kwa “isipokuwa bomba likipasuka ghafla”, na maneno hayo yanakurudishia kinga. Kwenye mgogoro, wewe unaonyesha kwamba tukio limo ndani ya ahadi ya bima. Kampuni ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha kwamba kipengele cha kukataa kinahusika. Maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Kwa hiyo ukikataliwa, omba barua inayotaja kipengele kwa namba. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Usichanganye mambo yasiyokingwa na masharti. Kuchelewa kutoa taarifa, au kumwambia majeruhi “kosa ni langu, nitalipa” kabla kampuni haijajua, kunaweza kukukosesha malipo hata kwa tukio lililokingwa kabisa. Mpeleke hospitali, piga picha mfuniko, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Vipengele vingine huweza kuondolewa kwa kuongeza ada, hasa vya matumizi na vya nyumba kukaa tupu, ambayo mikataba mingi huiwekea ukomo wa siku 30 au 60. Omba kwa barua, kisha subiri kiambatisho chenye sahihi na muhuri wa kampuni kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Neno la wakala kwenye simu halibadilishi mkataba.