Je, wajua kwa nini huulizwa jina lako mara nne kabla ya kupasuliwa?

Mapokezi walimuuliza mjomba wangu jina. Nesi wa wodini akamuuliza jina, na huku faili lenye jina hilo hilo amelishika mkononi. Jioni akaja daktari wa usingizi: unaitwa nani, una umri gani, unafanyiwa operesheni gani, upande upi? Asubuhi yake, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtu aliyevaa kofia ya kijani akauliza tena. Mjomba, aliyekuwa amelazwa juu ya machela akisubiri kupasuliwa ngiri, anasema hapo ndipo miguu ilipomwisha nguvu. "Nikajisemea, hawa wanakwenda kunichana na hata jina langu hawalijui."

Alikuwa amelielewa jambo kinyume, na si yeye peke yake. Lakini kabla ya kumcheka tukubali kwanza kitu ambacho wanaotoa ushauri wa afya hupenda kukiruka: kuogopa hospitali si ushamba. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa. Aliyeumwa goti akafunguliwa kichwa, aliyeumwa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa kichwa kutafuta damu iliyoganda, nayo damu hiyo ilikuwa kwenye kichwa cha mgonjwa mwingine. Habari kama hizo hazisahauliki. Mtu akizikumbuka akiwa juu ya machela, hakuna haki ya kumwita mwoga.

Sasa, lile swali la jina ndilo kinga dhidi ya kosa hilo hilo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja tu, yenye mambo 19 ya kuhakikisha, na likataka timu nzima isimame mara tatu kuisoma kwa sauti: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Huyu ni nani? Tunapasua nini, upande upi? Ana mzio wa dawa yoyote? Damu ya akiba ipo? Mwishoni: vitambaa, sindano na vyuma vyote vimehesabiwa na vimetimia?

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane. London ilikuwamo, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Mji wa nane ni Ifakara. Ndiyo, Ifakara hii hii ya Kilombero, ya mpunga na mafuriko. Wagonjwa karibu 4,000 walifuatiliwa kabla ya karatasi kuanza kutumika, na wengine karibu 4,000 baadaye. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hapakuwa na mashine mpya ya mabilioni. Watu walikuwa wanaulizana maswali ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameshayauliza.

Kwa hiyo ukiulizwa jina mara ya nne, jibu kwa sauti. Wa kumtilia shaka ni yule anayekuja na sindano bila kuuliza kitu.

Hofu iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kulazwa usingizi na kutoamka. Lugha yenyewe haisaidii. Tumeiita nusu kaputi, na kaputt kwa Wajerumani ni kitu kilichoharibika, kisichofaa tena. Basi mgonjwa anaambiwa atafikishwa nusu ya njia ya huko! Jina hilo linatisha kuliko dawa.

Na kweli si usingizi kama wa nyumbani. Aliyelala kitandani kwake ukimfinya ataamka akutukane. Aliyepewa nusu kaputi haamki hata akichanwa, kwa sababu dawa imekatiza mazungumzo kati ya sehemu mbalimbali za ubongo, ujumbe wa maumivu haupati wa kuupokea. Ndiyo maana wengi wakizinduka huuliza, "Mtaanza saa ngapi?" Saa mbili zimepita na wao hawana habari nazo.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo hiyo hulegeza misuli ya kupumulia na kuzima kikohozi, ule mlinzi wa koo. Ndiyo maana kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho, bila kushika kisu, akiangalia pumzi tu. Anasaidiwa na kibanio kidogo anachokubana kidoleni. Kibanio hicho, ambacho msingi wake uligunduliwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana katikati ya kidole. Damu yenye oksijeni ya kutosha na damu iliyopungukiwa hufyonza mwanga huo kwa viwango tofauti, na mashine inapiga hesabu. Kila pigo la moyo linatoa mlio, na katika mashine nyingi oksijeni ikishuka mlio nao unakuwa mzito. Daktari wa usingizi anaweza kuwa amekupa kisogo akivuta dawa kwa bomba la sindano, na bado sikio lake limebaki kwako.

Hapa pia ndipo penye siri ya ile njaa ya asubuhi. Mtu anaambiwa asile, anaona anateswa, ndugu anampenyezea kikombe cha uji kwa huruma. Uji huo unaweza kumuua. Koo likishazimwa, kilichomo tumboni hupanda na kushukia kwenye mapafu badala ya kutokea mdomoni. Daktari Curtis Mendelson wa New York alilieleza jambo hili mwaka 1946 baada ya kuchunguza wanawake waliolazwa usingizi wakati wa kujifungua. Kanuni inayotumika sehemu nyingi leo ni saa sita bila chakula na saa mbili bila hata maji. Chai ya maziwa inahesabiwa chakula, samahani. Na kama umeshakula, sema. Operesheni ikisogezwa mbele utakasirika, lakini utakasirika ukiwa hai.

Si kila upasuaji unahitaji nusu kaputi. Ngiri, busha na kujifungua kwa kisu hufanywa sana kwa sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini huku mgonjwa yuko macho. Sindano hii ina uvumi wake, hasa kwa kina mama: kwamba ukichomwa, mgongo hautapona maisha. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliochomwa na wasiochomwa wakati wa uchungu hazikuona tofauti hiyo. Mimba na kubeba mtoto mgongoni vinaumiza mgongo vyenyewe. Kinachotokea kweli kwa baadhi ni kichwa kuuma siku chache, kwa sababu majimaji yanayouzunguka uti wa mgongo yamevuja kidogo kupitia tundu la sindano.

Aliyelijua hilo mapema ni Mjerumani August Bier, mwaka 1898. Alitaka kujaribu sindano hiyo, basi yeye na msaidizi wake wakachomana. Msaidizi alipokufa ganzi, Bier akampiga nyundo kwenye muundi, akamchoma kwa sigara, akamng'oa nywele, jamaa hakuhisi. Jioni wakasherehekea kwa mvinyo. Kesho yake Bier hakuweza kuinua kichwa, na msaidizi akabaki na muundi unaouma. Sindano za leo ni nyembamba mno kuliko zao, na nyundo imeondolewa kwenye utaratibu.

Lakini kuna watu ambao huwezi kuwatuliza kwa maelezo haya yote, maana hofu yao haikai kichwani, inakaa kwenye mishipa. Akiona sindano, moyo unapiga kasi, presha inapanda, halafu ghafla vyote viwili vinaanguka na yeye anaanguka navyo. Hofu nyingine, ya nyoka au ya radi, humpa mtu nguvu za kukimbia; hii ya damu na sindano humzimisha. Mara nyingi imo kwenye ukoo. Ukimwambia mtu wa namna hii "legeza mwili, vuta pumzi," umemharakisha kuzimia. Mtaalamu wa saikolojia Lars-Göran Öst wa Sweden, miaka ya 1980, alifundisha kinyume chake: kaza. Kaza mikono, mapaja na kifua kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, achia sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, kisha kaza tena, mara tano. Presha haipati nafasi ya kuporomoka. Mkono utakaochomwa ndio pekee unaouacha mlegevu. Jizoeze nyumbani wiki moja kabla, na umwambie nesi kwamba huwa unazimia ili akuchome ukiwa umejilaza. Hakuna nesi atakayekucheka. Wamewaona wanaume wa miraba minne wakidondoka.

Sasa turudi kwa wenye hofu ya kawaida, maana hesabu kubwa iko kwao. Huko Uingereza, wataalamu wa usingizi hukadiria kwamba mtu mwenye afya njema anayefanyiwa upasuaji wa kupangwa ana hatari ya kifo kimoja katika 100,000 kutokana na dawa ya usingizi. Kwetu hatari ya upasuaji ni kubwa zaidi, na haifai kufichana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa kwingineko.

Ukiisoma takwimu hiyo haraka utavaa viatu na kurudi nyumbani. Isome polepole. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walifika kwa dharura. Kwa waliopangiwa tarehe, vifo vilikuwa asilimia 1. Na karibu vifo vyote havikutokea siku ya upasuaji. Vilitokea siku zilizofuata, wodini. Sisi tunaogopa kisu na usingizi, kumbe hatari imekaa pande mbili tusizozitazama: ile miezi tunayojificha kabla, na zile siku mbili tatu baadaye, wakati ndugu wameshashangilia na kuondoka. Msaidizi wa mgonjwa angefaa kubaki wakati huo, akitazama kama mgonjwa ana homa, anahema haraka, hakojoi, kidonda kinavuja damu, na kumwita nesi bila haya.

Mjomba alijificha miaka tisa. Ngiri ikitoka aliirudisha kwa kiganja akiwa chali, akafunga kitambaa kiunoni, akaenda shamba. Mficha maradhi kilio humfichua, nasi tulimwambia hivyo, naye akatujibu kwa methali nyingine: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Kwa methali hatukumweza. Aliyemweza ni jirani yake mkwezi, ambaye ngiri yake ilitoka usiku mmoja ikakataa kurudi. Utumbo ulinyongeka ukakosa damu, ukaanza kuoza, na ilibidi kipande kikatwe. Jirani alipona, ila alirudi baada ya wiki nyingi, amebaki mifupa. Mjomba alikwenda kumjulia hali, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama najua siku za kliniki.

Alipasuliwa kwa sindano ya mgongo. Alisikia redio, alisikia madaktari wakibishana juu ya mechi, alihisi kuvutwavutwa na hakuhisi maumivu. Jioni nilimkuta amejiegemeza kitandani. Akaingia nesi kijana na trei ya sindano, akaanza kumfunga mpira mkononi. Mjomba akaurudisha mkono ndani ya shuka.

"Mwanangu, mbona hujaniuliza jina?"