Si Kila Katili ni Antihiro

Antihiro ni mhusika mkuu aliyepungukiwa na sifa ambazo kwa kawaida humfanya mtu aitwe shujaa, yaani ujasiri, uadilifu au nia njema, ilhali hadithi inaendelea kumfuata na kututaka tuyatazame mambo kutoka upande wake. Fasili ni hiyo tu. Mwandishi Mrusi Dostoevsky alilitumia neno hilo mwaka 1864, mwishoni mwa riwaya fupi ambayo msimulizi wake ni mtu mnyonge, mwenye kinyongo na majivuno, asiyemwaga damu ya mtu yeyote.

Hilo la damu nimelitaja kwa makusudi. Katika vibanda vya video vya Kondele na Nyalenda hapa Kisumu, na sasa hata katika insha za wanafunzi wa sekondari, antihiro amegeuka kuwa jina la yeyote anayeua bila kupepesa macho huku akidai kwamba anawatetea wanyonge. Anayewakabidhi wahalifu kwa polisi ni shujaa, anayewamaliza ni antihiro. Mgawanyo huo ni mwepesi kukariri, lakini unavuruga maswali mawili yasiyo na undugu: mhusika amewekwa wapi katika hadithi, na mhusika anaamini nini kuhusu haki.

Katika filamu ya katuni Superman vs. The Elite ya mwaka 2012, Manchester Black na wenzake watatu wanawaua wahalifu hadharani na umma unawashangilia, huku Superman, anayekataa kuua, akionekana amepitwa na wakati. Mtazamaji wetu akifika hapo humpa Black cheo cha antihiro. Hata hivyo, hadithi ile si ya Black. Anayefuatwa ni Superman, na mashaka tunayoyabeba ni yake. Black amewekwa pale ili ampinge, na mtu wa namna hiyo vibandani huitwa adui, hata kama hoja zake zina mashiko. Isitoshe, mwisho wa filamu hiyo unawaumbua wanaodhani kwamba kushika maadili ni udhaifu. Superman anajifanya ameyatupa maadili yake, anawaangusha wale wanne mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeazimia kuua, hadi Black anatetemeka kwa hofu, kisha inabainika kwamba hakuna hata mmoja aliyekufa.

Mfano mgumu zaidi, ambao nakiri unawapa wabishi wangu nguvu, ni Batman: Under the Red Hood ya mwaka 2010. Jason Todd, aliyekuwa msaidizi wa Batman kabla ya kuuawa na Joker, adui mkubwa wa Batman, anarudi akiwa hai na kuanza kuwachinja wauzaji wa dawa za kulevya. Mwishoni anamshika Joker, anamkabili Batman na kumweleza kwamba hamlaumu kwa kushindwa kumwokoa. Anachotaka kujua ni kwa nini Joker bado anapumua. Batman anajibu kwamba kumuua kungekuwa rahisi mno, na kwamba akishaingia katika njia hiyo ya kuua hatarudi tena. Ni vigumu kutomhurumia Jason. Lakini huruma yetu haimpi umhusika mkuu: katika filamu hii yeye ni adui mwenye kidonda. Baadaye vitabu vya katuni vilimpa hadithi zake mwenyewe, na humo jina la antihiro linamfaa. Mtu ni yule yule na bastola ni zile zile. Kilichobadilika ni nafasi aliyopewa.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila shujaa mwenye kasoro ni antihiro. Nimewahi kusoma hoja hiyo ikielekezwa kwa Luanda Magere wa Kano, shujaa wa mighani ya Waluo, kwamba kwa kuwa alipuuza onyo la wazee akamwoa binti wa maadui, naye binti akaja kuifichua siri kwamba udhaifu wake ulikuwa katika kivuli chake, basi hastahili kuitwa jagina. Kasoro ile ndiyo iliyomwangusha. Haikumwondolea ujasiri wala haikumfanya aache kuwapigania watu wake. Majagina wa mighani karibu wote wana upenyo wa namna hiyo, na bila huo wasingekufa.

Kwa hiyo anayetafuta antihiro katika filamu za katuni asianze na hesabu ya maiti. Amtazame Megamind katika filamu ya mwaka 2010 yenye jina hilo, ambaye ndiye mhusika mkuu: mhalifu wa kujitangaza, mwongo, mwenye wivu, anayeutwaa mji mzima na kisha kuboeka nao, na mtu pekee anayedhani amemuua anakuja kupatikana mzima, amejificha kwa hiari yake. Huyo ni antihiro kamili. Manchester Black naye tumwache na jina lake la adui, ambalo analitendea haki vizuri sana.